Mmbea Aliyezibwa Mdomo

Kiwandani walimwita Dada Vifupi, na si kwa ajili ya kimo, maana kwa kimo alikuwa akiinama kwenye baadhi ya milango. Walimwita hivyo kwa kazi yake. Yeye ndiye aliyetunza vifupi: maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, KUFULI, KAMBA, HEWA, ambayo ukiyapitisha kwenye programu waliyoiita mpanuzi, kila moja hufunguka likawa maagizo kamili. Unaandika KUFULI, mpanuzi anatoa: "Funga koki ya kuingizia mafuta, tia kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako mwenyewe." Unaandika KAMBA, unapata habari nzima ya mkanda wa kifuani, kamba, na mtu wa kusimama juu ya mdomo wa tangi. Na neno TANGI, lililoanza kila kadi ya tangi, ndilo lililoyaita hayo mengine kwa zamu. Kiwanda kilikuwa cha mafuta ya kupikia, chenye matangi mengi, na kila tangi lilikuwa na kadi yake ngumu ya plastiki inayomwambia msafishaji afanye nini kabla ya kuteremka ndani. Bila mpanuzi mngeandika maneno yaleyale kwenye kila kadi, na kwenye kila kadi mngekosea kivyake.

Na mpanuzi alikuwa na mmbea.

Hilo ni jina la ofisini. Kwenye maelekezo ya programu iliitwa sehemu ya ufuatiliaji, jina la heshima na suti, lakini kazi yake ilikuwa umbea mtupu. Ukimwasha kwa neno fulani, basi kila neno hilo linapoitwa anakuambia: limeitwa na nani, kwa ajili ya tangi lipi, limekuja na mzigo gani, na limeondoka limeacha nini. Hana siri huyo. Ukimwasha kwa maneno yote anakujazia skrini mpaka macho yakuume. Ndiyo maana kulikuwa na namna za kumtawala: kumwambia ataje maneno haya na ayaache yale, kumwambia akate habari ndefu, na kumwambia aende kusemea wapi, kwenye skrini au kwenye faili lake peke yake. Dada Vifupi alimpenda mmbea huyo kuliko wafanyakazi wenzake wengi, na hakuona haya kulisema. "Binadamu ukimuuliza jambo anafikiri kwanza amfurahishe nani," alikuwa akisema. "Huyu anasema tu."

Alikuwa na mdogo wake mmoja, kitinda mimba wa mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda hata baada ya kuota ndevu. Mama yao alipokuwa anaaga dunia hakuwa na nguvu za hotuba. Alimshika yule mkubwa mkono, akamwelekeza kwa macho kule alikokaa yule mdogo na sare yake ya shule, akasema, "Huyo nakuachia wewe." Basi. Hakusema kwa muda gani, na Dada Vifupi naye hakuuliza. Alimsomesha, alimuuguza surua, alimchapa alipoiba embe za jirani na akalia kuliko yeye, na alipokua akamtafutia kazi palepale kiwandani ili awe anamwona.

Kitinda alianza kwenye kuosha chupa. Halafu, bila kumwambia dada yake, akaomba kwenda kwenye matangi, kwa sababu vijana wa matangi walikuwa na kofia za njano na majigambo mengi. Dada Vifupi alipojua aligomba siku nzima. Alipoona kugomba hakusaidii, alimketisha mezani akamwekea kadi moja mbele.

"Hii nimeiandika mimi," alimwambia. "Ukiisoma unanisikia mimi. Usipunguze, usiongeze. Mtu wa tangi anayejifanya anajua kuliko kadi huwa anazikwa na kofia yake."

"Kwa hiyo hata ndani ya tangi nitakuwa nasemwa na wewe?"

"Hata humo."

Kitinda alicheka, lakini alishika. Kwa ubishi wake wote, neno la dada yake alilishika. Wenzake walimtania kwamba hawezi kuvaa glavu mpaka kadi imwambie, naye akawajibu kwamba wao wana mama wengi wa kuwalilia, yeye anaye mmoja tu na anaandika kadi.

Sasa, ilitokea siku moja ya aibu. Dada Vifupi alikuwa amemwasha mmbea akitafuta kosa fulani, akasahau kumzima, na kwa kuwa siku hizo mmbea alisemea njia ileile inayopita kadi kwenda kwenye mashine ya kuchapa, umbea wote ukachapwa, ukavikwa plastiki, ukapelekwa kwenye matangi. Saa ya chakula Kitinda alisimama juu ya benchi la kantini, kadi mkononi, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Jamani, KUFULI limeitwa! Limeitwa na nani? Limeitwa na TANGI! Na mwenye KUFULI ana habari?"

Kantini nzima ilivunjika mbavu. Dada Vifupi naye alicheka, kwa meno, lakini moyoni ilimchoma. Kadi zake zilikuwa kitu cha kuheshimiwa, na sasa wapakiaji walikuwa wakiulizana kwenye korido nani kamwita nani. Alirudi ofisini akamwambia mwenzake, kijana msafi sana aliyeitwa Nadhifu kwa sababu alifuta hata vitufe vya kompyuta za watu wengine, "Sitaki kuona umbea kwenye kadi tena. Ushughulikie."

Nadhifu hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Kabla ya kazi kuisha alikuja na uso wa mtu aliyefagia uwanja. "Nimemaliza, Dada. Hutauona tena."

"Ubarikiwe," akasema Dada Vifupi, na akamnunulia soda.

Hakuuliza umbea umepelekwa wapi. Ungeuliza wewe? Choo kikizibuliwa, nani hufuatilia uchafu umekwenda kutokea wapi? Alifurahi, akaendelea na kazi zake.

Zikapita siku nyingi. Kiwanda kilinunua matangi mapya yenye feni zake, feni zinazozunguka zenyewe mchana kutwa na kuonyesha taa ya kijani. Kwa hayo Dada Vifupi aliandika neno jipya, FENI, linalomwambia msafishaji ahakikishe taa inawaka. Lile neno la zamani, HEWA, lilikuwa la matangi ya kale yasiyo na feni: fungua midomo yote miwili, leta mashine ya kupuliza, puliza, teremsha kipima hewa mpaka chini, na kama hakijakubali, usiingie hata kama bosi anakuita. Maana mashapo ya mafuta yakikaa muda mrefu huoza, na yakioza hula hewa iliyomo. Mtu akiteremka humo hasikii harufu ya kumtisha wala haoni moshi. Magoti yanalegea tu.

Meneja alitangaza mkutanoni kwamba matangi yote ya kale yatakatwa yauzwe kama chuma chakavu, na akamwagiza Dada Vifupi asafishe mafaili, maana yalikuwa yamejaa maneno yasiyotumika. Dada Vifupi hakuwa mtu wa kufuta neno kwa sababu ya maneno ya mkutanoni. Alitaka ushahidi. Akafanya kama alivyofanya siku zote: akamwasha mmbea kwa neno moja tu, HEWA, akapitisha kadi zote za kiwanda kizima kwenye mpanuzi, akaegemea kiti akasubiri aambiwe ni tangi gani bado linaliita.

Kimya.

Kadi zilipita zote. Skrini ilibaki tupu, kasoro kile kimstari cha chini kinachopepesa kusubiri amri. Alingoja kidogo, akijua hakuna cha kungoja, kisha akatabasamu. Kama mmbea hana la kusema, basi hakuna lililotokea.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, Dada," Nadhifu alimtania akipita na birika.

"Mshindo ni wa tumbo lako. Leta chai."

Akalifuta neno HEWA.

Kuna mambo mawili hapa ambayo aliyajenga yeye mwenyewe, na kwa nia njema kabisa. La kwanza, zamani neno moja likikosekana mpanuzi alikuwa akisimamisha kazi yote, na wasafishaji wanakosa kadi asubuhi. Kwa hiyo aliandika kwenye kiolezo, ule mfano unaofuatwa na kadi zote: kama neno linajulikana, lipanuliwe, kama halijulikani, lipitwe bila fujo. La pili, namba za hatua zilijihesabu zenyewe. Hatua moja ikitoka, zilizobaki zinasogeleana kama watu kwenye benchi la zahanati, na hakuna anayejua kwamba pale katikati aliketi mtu. Kadi za matangi ya kale zikatoka zimenyooka, hatua ya kwanza mpaka ya sita, bila doa, zikavikwa plastiki.

Asubuhi yenyewe Dada Vifupi alikuwa jikoni anachemsha maziwa, na Kitinda anafunga kamba za buti mlangoni.

"Leo tunamfungua Bibi," akasema Kitinda.

Bibi lilikuwa jina la tangi. Ndilo tangi kongwe kuliko yote, lilikaa nyuma kabisa karibu na ukuta, na lilikuwa limefungwa muda mrefu kiasi kwamba ndege walijenga kwenye ngazi yake.

"Bibi? Si walisema watamkata?"

"Wamebadilisha mawazo. Mafuta yanatakiwa, hawana pa kuyaweka. Kwanza tumsugue, halafu atapakwa rangi awe bibi harusi."

"Umeshawahi kuingia kwenye tangi la kale?"

"Tangi ni tangi, Dada. Mviringo, chafu, na mzee Filimbi yuko juu ananisimulia maradhi yake."

"Kadi yake unayo?"

Kitinda aliitoa kwenye mfuko wa kifuani akaipunga. Ilikuwa mpya, bado inanuka plastiki. "Nitakusikiliza, mama mkubwa. Sitapunguza, sitaongeza."

Maziwa yakafurika. Alipomaliza kuzima jiko na kupangusa, mdogo wake alikuwa ameshatoka, ameacha mlango wazi kama kawaida yake. Dada Vifupi aliufunga akimlaani kwa mapenzi. Njiani kwenda kazini kitu kilimgusa: Bibi ana feni? Alijiuliza hata akapunguza mwendo. Halafu akajijibu kwamba wangekuwa hawajamwekea, kadi yake ingekuwa bado inaita HEWA, na kama ingekuwa inaiita, mmbea angesema. Mmbea hajawahi kumficha kitu. Akaongeza mwendo asichelewe.

Ofisini alikuta kazi ndogo ya kuudhi. Kadi ya mashine ya kuosha chupa ilikuwa inatoa hatua ya kufuli mara mbili, na msimamizi wa chupa alikuwa amekuja kulalamika mwenyewe, ameegemea mlango kama mdai. Dada Vifupi akamwambia asubiri, ni jambo la kupepesa macho. Akamwasha mmbea kwa neno KUFULI ili aone nani analiita mara ya pili. Akapitisha kadi.

Skrini ikabaki tupu.

Alidhani amekosea kuandika. Akarudia, polepole, herufi kwa herufi. Kadi ikatoka, na juu yake, wazi kabisa, mara mbili kabisa, "Funga koki, tia kufuli." Neno lilikuwa limeitwa. Lilikuwa limeitwa mbele ya macho yake, na matokeo yake ameyashika mkononi, na mmbea hakusema lolote.

Msimamizi wa chupa aliuliza kitu. Hakumsikia. Alikuwa anaitazama ile skrini. Mbwa akikaa kimya usiku kucha, wewe uliye ndani unalala ukisema hakuna mwizi. Hutoki kwenda kutazama kama mbwa mwenyewe bado yuko.

Hakuwa ametazama. Mtu yeyote wa kazi yake anajua kwamba kabla hujaamini ukimya wa mmbea, unamjaribu kwanza kwa neno ambalo una hakika litaitwa. Ni kazi ya dakika. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanaoanza kazi. Na siku ile ya HEWA hakufanya, kwa sababu alimzoea, na mazoea yana tabu.

"Nadhifu!" aliita kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Siku ile ya kantini. Umbea uliupeleka wapi?"

Nadhifu aliinua kichwa. "Si ulisema hutaki kuuona?"

"Nilisema kwenye kadi. Sikutaka kuuona kwenye kadi. Uliupeleka faili gani?"

"Hakuna faili, Dada. Niliuelekeza kusikokuwa na kitu. Mstari mmoja tu, mwanzoni kabisa mwa kiolezo. Unasema, lakini hauendi popote." Alimtazama usoni, na tabasamu likamtoka kidogo kidogo. "Kwani ulikuwa unauhitaji?"

Dada Vifupi aliigeukia kompyuta. Vidole vilikuwa vimeshaufikia ule mstari. Ulikuwa umekaa pale siku zote hizo, mfupi, nadhifu kama mwenyewe, na juu yake maelezo ya heshima: kuzuia umbea kwenye kadi. Aliufuta. Akalirudisha neno HEWA kutoka kwenye nakala ya zamani, akalielekeza domo la mmbea kwenye skrini, akapitisha kadi zote upya, huku akiomba kwa midomo kwamba skrini ibaki tupu. Hajawahi kuomba kitu kwa bidii kama ile tangu mama yake alipokuwa kitandani.

Mmbea akasema.

Alisema kama mtu aliyefungwa mdomo kwa muda mrefu. HEWA imeitwa na TANGI, kwa ajili ya Mnara. HEWA imeitwa na TANGI, kwa ajili ya Pacha wa kwanza. Kwa ajili ya Pacha wa pili. Na mwisho, bila haraka, kwa ajili ya Bibi.

Dada Vifupi alichukua simu akampigia mdogo wake, na wakati inaita akakumbuka kwamba watu wa matangi huacha simu kwenye sanduku la getini kwa kuogopa cheche. Iliita kwenye sanduku. Aliitupa mezani akatoka, na msimamizi wa chupa akalazimika kuruka pembeni.

Kutoka ofisini mpaka kwa Bibi unapita ukumbi wa kupakia, unapita stoo ya maboksi, unatokea uwanjani. Alikimbia mtu mzima yule, mrefu yule, na viatu vya ofisini, na wapakiaji waliacha kazi kumtazama. Mmoja alipaza sauti, "Dada, KUFULI limeitwa!" na wenzake wakacheka, kisha wakaona uso wake wakaacha.

Getini mlinzi alimzuia kwa mkono. "Kofia, Dada. Sheria ni sheria."

"Mdogo wangu yuko ndani ya Bibi!"

"Najua, nimemwandika daftarini mimi mwenyewe. Vaa kofia."

Akamnyang'anya kofia iliyokuwa kichwani mwake, akapita.

Nyuma kule palikuwa na utulivu wa ajabu. Hapakuwa na mashine ya kupuliza wala bomba la hewa. Bibi alisimama pale na kutu yake, mdomo wake mmoja wazi, ule wa pili umefungwa kwa boliti zake zote. Juu ya jukwaa, chini ya ile miguu mitatu ya chuma inayobeba kapi, mzee Filimbi alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, filimbi shingoni, kamba imepita mkononi mwake kwa ulegevu. Alipomwona Dada Vifupi anapanda ngazi kwa mikono na miguu alitabasamu.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kumkagua?"

"Yuko wapi?"

"Yuko chini, anapiga kazi. Kijana wako ametulia sana leo, hata matani hana."

"Amekusemesha lini mara ya mwisho?"

Mzee Filimbi alifikiri. "Aliposhuka alisema kuna giza. Baada ya hapo hajasema."

"Na kamba?"

"Hajavuta." Aliiinua amwonyeshe, kwa fahari ya mtu anayejua kazi yake. "Akipata shida anavuta mara mbili. Nimeishika muda wote, sijaiachia. Hajavuta hata mara moja, kwa hiyo yuko salama."

Dada Vifupi aliyasikia maneno hayo, na aliyajua. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Hasira zilimjaa dhidi ya yule mzee, na hapo hapo zikageuka zikamrudia, kwa sababu mzee angalau alikuwa ameishika kamba.

Aliipokonya akaivuta mara mbili, kwa nguvu. Ilijibiwa na uzito tu. Akaita jina la mdogo wake ndani ya ule mdomo, lile jina la nyumbani ambalo halikutumika kiwandani, na tangi likamrudishia sauti yake mwenyewe.

"Hewa mlipuliza?"

"Kadi haikusema," akajibu mzee Filimbi, na sasa uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kadi ilikuwa imening'inizwa kwenye ngazi, imenyooka, safi, hatua ya kwanza mpaka ya sita, kila hatua imetiwa alama ya vema kwa kalamu, kwa mwandiko ambao Dada Vifupi alikuwa ameufundisha yeye kwenye meza ya jikoni.

Mzee alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. "Nashuka nimtoe."

"Usishuke!" Alimshika kola akamrudisha nyuma kama mtoto. "Ukishuka nitawavuta wawili. Piga filimbi! Vuta!"

Filimbi ikalia. Walivuta wakiwa wawili, halafu wanne, kapi likipiga kelele kwa kukosa mafuta juu ya tangi la mafuta. Kofia ya njano ilitangulia kuonekana. Chini yake kidevu kilikuwa kimelala kifuani, na mikono imening'inia, na midomo ina rangi ambayo midomo haitakiwi kuwa nayo. Wakamlaza kwenye jukwaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa karibu na kamba, vidole vimeifikia, havikuipata.

Nesi wa kiwanda alikuja mbio na mtungi wa hewa. Alimvika kinyago, akamkandamiza kifua, akamwinamia sikio. Watu walikuwa wanasema wote kwa pamoja.

"Nyamazeni!" nesi alifoka. "Nyamazeni nisikie!"

Wakanyamaza. Uwanja mzima ukanyamaza, hata mashine za ukumbi wa kupakia, ambazo mtu alikuwa amezizima. Dada Vifupi alipiga magoti pale kwenye chuma, amemshika mdogo wake buti, na ule ukimya ukampita mwilini kama ugonjwa. Angetoa chochote asikie kitu. Kikohozi, tusi, umbea wowote ule.

Nesi alikandamiza tena. Na tena.

Kitinda alikohoa.

Alikohoa vibaya, akatapika pembeni, akavuta pumzi kwa sauti ya msumeno, na mzee Filimbi akaketi chini akalia bila kujificha. Dada Vifupi hakulia. Alikuwa ameuinamia ule uso, anahesabu pumzi bila kujua anahesabu, na macho ya Kitinda yakatangatanga yakampata. Yakamtazama jinsi yalivyomtazama zamani, alipokuwa mtoto amevunja kikombe na anangoja kuchapwa. Akakisogeza kinyago kwa kidole.

"Dada," alinong'ona. "Nimefuata kadi. Sikupunguza. Sikuongeza."

"Najua."

"Usinigombeze. Sijui nimekosea wapi."

Dada Vifupi alitaka kumkumbatia na kunyamaza, na alijua kwamba akinyamaza sasa atanyamaza maisha yake yote. "Hujakosea," akasema. "Ni kadi. Kadi ndiyo iliyokosea, Kitinda. Unanisikia? Kadi ilikuwa na makosa."

Kitinda alitikisa kichwa polepole juu ya chuma, kwa ule ubishi wake wa siku zote, akakataa.

"Haiwezi," akasema. "Kadi ni wewe."

Nesi akamrudishia kinyago usoni.